Viazi Kumi na Saba

4 Machi. Mvua: milimita 9.

Mkaguzi wa mbegu ameniachia daftari hili leo asubuhi. Jalada gumu, kurasa tisini na sita, nimezihesabu. Anataka niandike mvua ya kila siku, dawa niliyopiga, na chochote nilichokiona shambani. Nimemuuliza chochote maana yake nini. Amesema chochote ni chochote. Basi asije akalalamika.

Kwa faida ya atakayesoma, mimi ndiye mwenye Shamba Namba Moja. Kikundi chetu cha wakulima wa mbegu za viazi kina kibao kimoja cha bati, cha kijani, na kila msimu hupewa mwenye mbegu safi kuliko zote. Tangu kitengenezwe, miaka kumi na minne sasa, hakijawahi kutoka getini kwangu. Misumari yake imeota kutu. Mlima mzima wananiita Namba Moja, na wengine wamesahau jina langu, jambo ambalo halinisumbui.

Baka halijawahi kuingia kwangu. Nasema ule ugonjwa unaoanza kama jani limedondokewa na tone la maji ya moto, na baada ya wiki shamba zima limelala chini linanuka. Jirani zangu limewamaliza mara mbili. Mimi, hata jani moja. Sitii chumvi, waulizeni.

6 Machi. Mvua: 0.

Tumepanda. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, naye amepanda shamba la chini siku hiyo hiyo. Mwanangu ni fundi wa lifti mjini, anakuja mara moja kwa msimu na kulala siku mbili, kwa hiyo shamba la chini ni la mkwe. Ni ekari moja, Namba Kumi na Tisa, ya mwisho kwenye orodha. Nimemwambia anafanya kazi vizuri kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba za ghorofa. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

7 Machi. Mvua: 3.

Nimepanda pia ule mstari nyuma ya ghala. Ule si shamba, sijui kama unahusika na daftari, lakini chochote ni chochote. Ni viazi vyekundu vya marehemu mke wangu. Alikuja na mbegu yake siku aliyoolewa, na sasa hakuna mwingine mwenye mbegu hiyo. Sivipigi dawa kwa sababu yeye hakuvipiga. Mwaka huu vimebaki kumi na saba. Vinne vina doa la kahawia chini ya ganda. Vingekuwa vya mtu mwingine ningemwambia avichome moto. Nimevipanda hivyo hivyo, maana kumi na saba ni vichache, na kumi na tatu ni vichache zaidi.

15 Machi. Mvua: 14.

Hakuna jipya.

28 Machi. Mvua: 6.

Vimeota, mstari kwa mstari, umenyooka kama umepigwa rula. Nimesimama getini nusu saa bila kazi yoyote. Wapita njia wamedhani nasubiri mtu.

2 Aprili. Mvua: 11.

Getini kwangu kuna beseni la dawa, na kila anayeingia anakanyaga humo kwanza ili asiniletee ugonjwa kwa viatu. Sheria hii niliitunga mimi na kikundi kikaipitisha kwa mashamba yote. Niliitunga na nyingine: shamba ambalo baka limeanzia linafutwa kwenye orodha kwa misimu mitatu.

Leo katibu wa kikundi, ambaye ni fundi cherehani na anathamini viatu vyake kuliko miguu yake, alitaka kupita pembeni ya beseni. Nikamsimamisha. Akavua viatu aingie peku. Nikamwambia miguu nayo inahesabika. Mkwe alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniuliza mbona mimi mwenyewe sikanyagi ninapoingia, wala ninapokwenda kwa wenzangu. Nikamwambia viatu vyangu vinajua kazi.

19 Aprili. Mvua: 31. Dawa nimepiga jana, yote imeoshwa.

20 Aprili. Mvua: 27.

21 Aprili. Mvua: 34.

Kipima mvua kimejaa mpaka nikadhani mkwe ameongeza maji kwa utani. Amekataa. Amesema hana muda wa utani, anapandishia udongo kwenye mashina yake kwa mara ya pili. Mara ya pili! Nimemwambia ataizika mimea ikiwa hai.

26 Aprili. Mvua: 12.

Maua. Shamba lote limekuwa jeupe. Katibu amekuja (akakanyaga beseni bila kuambiwa) akasema macho yake hayajaona kitu kama hiki. Ni kweli, hayajaona. Nimemtembeza mstari kwa mstari. Alipoondoka nimemtembeza tena mkwe, ambaye alishaona.

2 Mei. Mvua: 25.

Mkwe ameniuliza kama nimepita nyuma ya ghala siku hizi. Nimemjibu kwamba ghala ni langu na nyuma yake pia ni kwangu. Njia ya huko imejaa tope, na goti langu na tope hawaelewani.

4 Mei. Mvua: 29.

Ameniuliza tena. "Baba, huko nyuma umepita?" Sijui ana nini na ghala langu. Pengine anataka nafasi ya kuweka magunia yake. Akitaka aseme, asizungukezunguke.

5 Mei. Mvua: 18.

Limeingia. Limeingia kwa mkwe.

Nimeshuka asubuhi kumwonyesha jinsi ya kusafisha mfereji, na kwenye kona ya juu ya shamba lake, ile inayotazama nyumbani kwangu, nikaona majani matatu yenye mabaka meusi yaliyolowa. Nikayageuza. Chini yake kuna ule unga mweupe unaoonekana asubuhi tu. Sijui kama nilisikitika kwanza au nilikasirika kwanza. Nadhani nilikasirika. Miaka kumi na minne nimelizuia gonjwa hili, halafu liingie kupitia familia yangu.

Mkwe alikuwa ameshaliona. Hakulia, hakujitetea. Aliniuliza kama nina panga lenye makali.

6 Mei. Mvua: 20.

Amekata shamba lote. Mashina yote ya ekari nzima, na viazi chini vina ukubwa wa yai la kuku. Majani ameyabeba na kuyafukia. Anasema atavikomaza ganda ardhini bila majani, baka lisipate njia ya kushuka. Nimemwambia huko ni kunyoa kichwa kizima kwa ajili ya chawa mmoja. Alikuwa na malengelenge mikono yote miwili.

7 Mei. Mvua: 22. Nimemweleza katibu. Ni wajibu wangu.

9 Mei. Mvua: 8.

Mkutano wa kikundi, kwenye darasa la shule. Nilisimama wa kwanza. Nilisema sheria ni sheria, kwamba sitampendelea mtu kwa sababu anakula mezani kwangu, na kwamba shamba lililoanza ni Namba Kumi na Tisa. Walinipigia makofi. Nitakuwa mwongo nikiandika kwamba sikuyafurahia.

Kisha mkwe akasimama.

"Sikatai, kwangu limeonekana," alisema. "Ila kuonekana na kuanza si kitu kimoja. Naomba mkaguzi aje atazame kabla hamjanifuta."

Katibu alisema mkaguzi atakuja tarehe 16. Watu walitoka wakimpisha mlangoni kama vile nguo zake zingewaambukiza. Mimi nilitoka mbele, kifua mbele, nikipokea mikono.

10 Mei. Mvua: 15.

Mwanangu amepiga simu. Ameniuliza kama ni kweli nimemsimamisha mkewe mbele za watu. Nimesema shamba ni shamba na nyumba ni nyumba. Nikasikia kengele ya lifti huko aliko, halafu akasema haya baba, akakata.

Mkwe ameleta chakula kama kawaida. Ameweka mezani, amekaribisha kwa adabu zote, ameondoka. Zamani alikuwa anakaa.

11 Mei. Mvua: 3.

Leo nina mengi ya kuandika, na mkono wangu haupendi.

Tangi la maji nyuma ya ghala lilianza kufurika, nikalazimika kwenda na goti langu hivyo hivyo. Harufu nilikutana nayo kabla sijakunja kona. Anayeijua harufu ya viazi vinavyooza hahitaji kuelezwa, na asiyeijua ana bahati. Mstari wa mke wangu ulikuwa umelala. Hakukuwa na jani la kijani hata moja. Mashina yalikuwa meusi, mengine yamekauka kabisa na kugeuka kama kamba kuukuu. Baka la wiki moja haliwi hivyo. Hili lilikuwa na wiki tatu, labda zaidi.

Nilikaa juu ya ndoo. Nikatazama chini mlimani. Kutoka pale unaona moja kwa moja ile kona ya juu ya shamba la mkwe, na upepo wa msimu huu unatoka juu kushuka huko. Nilifukua shina la kwanza kwa vidole. Kiazi mama kilikuwa uji. Sikuhitaji mkaguzi wala lenzi yake. Nilijua ni vile vinne, nilivyoviona kwa macho yangu na kuvipanda kwa mikono yangu.

Nikaanza kung'oa. Niandike ukweli: sikuanza kung'oa ili kuzuia ugonjwa. Nilitaka mkaguzi akija akute udongo mtupu. Niling'oa haraka kama mwizi, jasho linanitoka, na nilikuwa nimefika shina la tisa niliposikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa mkwe, amekuja kurudisha panga.

Alitazama rundo, akanitazama mimi. Nilimuuliza amejua lini.

"Tarehe pili," alisema. "Nilikuja kuchota maji kwenye tangi."

"Na kwenye mkutano ukanyamaza?"

"Ningesema nini, baba? Nisimame nikuvue nguo mbele ya watu wako? Halafu ni mstari wa mama. Aliwahi kunipa kiazi chake kimoja nichemshe, nilipokuwa na mimba, akasema nisimwambie mtu." Akafuta panga kwenye nyasi, upande huu na upande huu. "Lakini usidhani mimi ni mtakatifu. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Ningekungoja mpaka mkaguzi aje, si zaidi ya hapo."

Halafu akapiga magoti, akang'oa mashina manane yaliyobaki. Tulichimba shimo la kina cha kiuno. Tulipekua kila shina tukitafuta hata kimoja kizima. Hakuna. Mbegu ile imekwisha duniani, nami ndiye niliyeimaliza, kwa kushindwa kutupa viazi vinne. Nililia, na mkwe akapata kazi ya kufanya upande wa pili wa tangi mpaka nilipomaliza.

12 Mei. Mvua: 10.

Nimerudi kusoma daftari hili tangu mwanzo. Yote yamo. Tarehe 7 Machi nimeandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba vinne vina doa. Tarehe 2 na tarehe 4 mkwe ananiuliza habari ya ghala, nami najibu upuuzi. Namsoma huyu mzee na kutamani nimtikise mabega. Baka likiingia shambani huchukua wiki kuliharibu. Mimi nyumba yangu niliiharibu kwa dakika kumi, nikiwa nimesimama wima, na watu wananipigia makofi.

13 Mei. Mvua: 17.

Limeingia Shamba Namba Moja. Mistari ya chini, majani kama hamsini.

Nilimwita katibu nikamweleza kila kitu. Nilitegemea atashangaa. Badala yake alifunga mlango. Alisema Namba Moja ikifutwa tutachekwa mpaka kwenye vikundi vya mbali, wanunuzi watatukimbia, na watu kumi na tisa watalala njaa kwa ajili ya mstari mmoja wa nyuma ya nyumba. Shamba la mkwe ni dogo, lipumzike misimu mitatu, si mwisho wa dunia. Mwenyewe si amenyamaza? Halafu akaligusa daftari kwa kidole kile chenye kastabini.

"Ukurasa mmoja tu, mzee wangu. Ukichana taratibu pale kwenye uzi, haionekani."

Ni fundi cherehani, anajua habari za nyuzi.

14 Mei. Mvua: 4.

15 Mei. Mvua: 0.

Nimechukua wembe. Nimeuweka kwenye uzi. Nimeurudisha.

16 Mei. Mvua: 0.

Mkaguzi amekuja. Ni kijana mpole, anavaa lenzi shingoni kwa kamba ya viatu. Kikundi chote kilikusanyika kwenye shamba la mkwe, katikati ya vile visiki alivyovikata. Katibu alianza kusoma kumbukumbu za mkutano. Alipofika kwenye "shamba lililoanza," nilimwambia aishie hapo.

Nilimpa mkaguzi daftari, limefunguliwa tarehe 7 Machi, nikamwomba asome kwa sauti. Akasema anaweza kulisoma ofisini. Nikamwambia nilimshtaki mtu kwa sauti, kwa hiyo asome kwa sauti. Akasoma. Alisoma kumi na saba, akasoma vinne, akasoma doa la kahawia. Nikamwambia asome na tarehe 2 Mei, na tarehe 4, na tarehe 11 yote, pamoja na pale niliposema niling'oa kama mwizi. Sauti yake ilikuwa inashuka kila mstari, ikabidi nimwambie apandishe. Mimi nilisimama wima. Sikutazama chini. Kama nilikuwa na uso wa kupokea makofi, nilipaswa kuwa na uso wa kupokea na hili.

Alipomaliza nilisema maneno mawili matatu. Nilisema Namba Moja ifutwe leo hii, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe, misimu mitatu bila kupunguza hata siku. Kisha nikamgeukia mkwe na kumwita kwa jina lake, jambo ambalo wakwe huku hatulifanyi mbele za watu, nikamwambia nimekosa na naomba anisamehe. Akasema nimekusamehe baba, kwa sauti ndogo, huku akikwangua udongo kwenye kucha.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkaguzi alifunga daftari, akanirudishia, akasema amekagua mashamba miaka sita na hajawahi kukutana na daftari lenye maneno mengi namna hii. Nikamkumbusha kwamba chochote ni chochote.

17 Mei. Mvua: 0.

Nimekata shamba langu lote. Mkwe alianza upande ule, mimi upande huu. Amenishinda kwa mistari kumi na moja. Goti, bila shaka.

23 Mei. Mvua: 2. Mwanangu amepiga simu. Tumeongea habari za lifti. Ameniuliza kama nimekula. Nimemwambia tumekula, mimi na mkewe, mezani.

4 Juni. Mvua: 0.

Nimechimba. Katika kila viazi kumi kimoja kimeoza. Nilichelewa siku nne kukata, na siku hizo nne nilikuwa nashika wembe. Vitaliwa, lakini mbegu si mbegu. Ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne.

6 Juni. Mvua: 0.

Mkwe amechimba. Nimekaa kwenye ndoo pembeni nikitazama kila shina linavyotoka. Viazi vidogo, vya ukubwa wa yai, ganda gumu, visafi kama vimeoshwa. Gunia la kwanza safi. La pili safi. Lilipofika la tisa nilianza kuwasimamisha wapita njia. Nilimwita fundi baiskeli, nikamwita mwalimu, nikamwita hata katibu. Nilimweleza kila mmoja jinsi alivyokata mapema nilipomcheka, na jinsi alivyopandishia udongo mara mbili nikasema anazika mimea hai. Mkwe aliniomba nipunguze sauti. Nimeshindwa.

9 Juni. Mvua: 0.

Mkaguzi amepitisha mbegu za mkwe. Katika mlima wote hakuna safi kuzishinda. Niliyajua majibu kabla hajafungua mdomo, lakini nilimfanya arudie.

Mchana nilichukua koleo nikaenda getini kwangu. Misumari ilikataa, ilikuwa imeshikana na mbao. Mmoja ulikatika na kubaki ndani. Nikakifuta kibao kwa shati langu, nikakibeba kwapani, nikashuka nacho katikati ya barabara ili kila aliye barazani aone ninakipeleka wapi. Wawili waliniuliza. Niliwaambia: kwa mkwe wangu.

Yeye alikuwa shambani anafunga magunia. Getini kwake ameweka beseni, kama sheria inavyotaka. Nimepita geti lile mara mia bila kulitazama beseni. Nilikuwa nimeshainua mguu niruke, kibao kwapani, nyundo mkononi, aliponiona. Hakuja kunipokea. Alinyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni.

"Baba," alisema. "Viatu."

Nikakanyaga. Mguu wa kulia, halafu wa kushoto, mpaka dawa ikafika kwenye vifundo. Nikasimama humo muda mrefu kuliko sheria inavyodai, ili waliokuwa barabarani wanione vizuri.